Kuendesha kayaki ukiwa na kiuno kinachouma

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Mnyampaa wenu nipo Ziwa Singidani, hapa hapa Singida mjini, na kwa sasa upepo bado umelala. Leo nataka tuingie majini na wewe ambaye kiuno kinakusumbua: unashinda kwenye bodaboda, unabeba magunia ya alizeti, au jana umeshuka kwenye basi kutoka Dar. Kiuno changu kinauma miaka mingi na kayaki, hii boti ndogo nyembamba ya kupiga kasia, naipenda sana, kwa hiyo nakuonyesha ninavyofanya.

Kwanza wasioingia. Kama maumivu yanashuka hadi chini ya goti na mguu unaishiwa nguvu, kapimwe kwanza. Ukihisi ganzi katikati ya mapaja, au mkojo unagoma kutoka au unatoka wenyewe, nenda hospitali leo leo, video utaimalizia baadaye. Kiuno cha kukaza tu, kile kinacholegea ukishatembea tembea, twende nacho.

Kushusha boti ni watu wawili, mnachuchumaa, mnanyanyua pamoja. Jaketi okozi unavaa na unafunga vifungo vyote. Mimi napenda lenye mgongo mwembamba huku chini, kwa sababu lile nene linakusukuma mbele ukikaa.

Sasa kukaa. Hapa ndipo viuno vinaumia, halafu lawama inapewa kasia. Ukinyoosha miguu yote, misuli ya nyuma ya mapaja inavuta nyonga zirudi nyuma, kiuno kinajikunja, na muda mfupi tu unaanza kutafuta pa kujinyoosha. Kwa hiyo magoti yakunjike kidogo, nyayo zikanyage hivi vikanyagio. Umeona? Vinasogezwa mbele na nyuma, virekebishe ukiwa nchi kavu. Kisha mto wangu huu: sponji ngumu ya godoro, nimeikata upande mmoja nene, mwingine mwembamba. Upande nene unakaa nyuma, chini ya makalio, nyonga ziinamie mbele. Unene wa vidole vitatu unatosha. Ukizidisha unakaa juu mno na boti inayumba.

Egemeo la mgongo kwenye kiti lishuke usawa wa mkanda wa suruali. Likipanda hadi mabegani huwezi kugeuza kifua... Dogo, sogeza kamera huku. Mnauona mkanda wa egemeo wa kushoto umelegea? Ningekaa hivi ningekuwa nimepinda safari nzima. Vuta, sawa, sasa pande zote ziko sawa. Kagua mikanda yako kabla hujaingia.

Sikilizeni hapa, hapa ndipo penyewe. Kuingia. Boti iwe kwenye maji ya magotini, chini pawe mchanga au jiwe bapa, usichague tope, maana mguu ukinasa utajivuta kwa kiuno. Mtu aishike boti. Simama ubavuni, ipe boti mgongo, shusha makalio kwenye kiti kwanza, miguu bado iko nje. Tulia. Halafu ingiza miguu yote miwili kwa pamoja, kifua kikifuata miguu. Usiiname huku umejipinda. Narudia: usiiname huku umejipinda. Wengi wanatanguliza mguu mmoja, boti inateleza, wanajizungusha kuikamata, na kiuno kinakatika hapo hapo. Dogo, shika vizuri, inaondoka! Mmeona wenyewe, hata na mtu ameshika imesogea. Tunaanza upya. Makalio, tulia, miguu pamoja. Haya.

Kasia unalilaza, hulisimamishi. Usivute kwa mikono. Geuza kifua, kasia liingie karibu na vidole vya mguu, litoke likifika nyongani, usilipeleke nyuma zaidi. Ukipiga kulia, sukuma kikanyagio cha kulia. Nguvu inatoka mguuni na tumboni, kiuno kinabaki kimenyooka. Ukisikia unakunja meno, punguza.

Heroe wale pale. Wakiwepo, pita mbali, wanakula.

Anza safari kwa kuelekea upepo unakotoka, ili ukichoka ukurudishe. Singida upepo tunaujua, asubuhi shwari, jua likipanda unaamka. Na kwa mara ya kwanza dakika 20 zinatosha kabisa, hata kama unajisikia vizuri, kwa sababu kiuno kinatoa majibu kesho yake. Naona... ndiyo, tazameni maji kule kwenye mawe, yameanza mikunjo. Nageuza sasa hivi. Mwenye kiuno kibovu hashindani na mawimbi.

Kutoka ni kinyume cha kuingia. Boti ubavu kwa ufuko, mtu aishike, miguu yote miwili nje kwa pamoja, kaa kwanza, inama kuanzia nyongani, nyanyuka kwa mapaja. Na hapa pia, usiiname huku umejipinda! Ukishatoka usikimbilie kubeba boti. Tembea ufukweni kidogo, viweke viganja kiunoni, jinyooshe taratibu kwa nyuma, ndipo mbebe.

Maji ya ziwa hili yana chumvi, kwa hiyo suuza boti, vifungo na mikanda kwa maji baridi ya bomba, vinginevyo vifungo vya chuma vitashika kutu. Mto ukamue, uanike kivulini. Anayeutaka aandike hapo chini uzito wake na mkoa aliopo, nitamkatia sponji inayomfaa na kuituma kwa basi.