Pedali Inafuata Volti, Haifuati Mita

ASHA: Asalaamu alaykum wasikilizaji. Leo tuko hapa Mji Mkongwe, madirisha tumeyafunga kwa ajili ya pikipiki. Kaka Haji, kijana wa Chake Chake anasema modeli yake ya Tube Screamer, yaani programu ya kompyuta inayoiga ile pedali ya gita ya kuchana sauti, inachanika kupita kiasi, na pedali yenyewe anaijua, haiko hivyo.

HAJI: Geini, ile ya kukuza sauti, kwenye kadi ya sauti anayochomekea gita, kaiweka wapi?

ASHA: Kaipandisha mpaka mita inakaribia nyekundu.

HAJI: Basi ndo hapo! Kwa kurekodi udi, sawa. Lakini pedali inafuata volti. Tube Screamer ina dayodi za silikoni, zinaanza kulikata wimbi kwenye volti 0.6 hivi. Modeli haioni volti, yakhe, inaona namba tu. Ukiongeza desibeli 12 kwenye kadi, modeli inaamini gita lako linatoa volti mara 4.

ASHA: Mara 4! Sasa afanyeje?

HAJI: Achomeke kwenye tundu la gita, si la laini, kisha geini aishushe mpaka chini kabisa.

ASHA: Mita si itabaki fupi? Watu wanaogopa kelele.

HAJI: Wasiogope. Kurekodi kwa biti 24 kuna nafasi tele hata mita ikiwa fupi, na ule mngurumo wa umeme wa hezi 50 mara nyingi unaingilia kwenye gita na waya. Halafu atazame kijitabu cha kadi: kiwango cha juu cha kuingiza, kwa dBu, yaani volti zikihesabiwa kwa desibeli. Tuseme ni +9, na modeli ilitengenezwa kwa +12. Kadi yake inasoma juu kwa 3, basi apunguze desibeli 3 ndani ya programu, kabla ya modeli.

ASHA: Na kadi isiyo na kijitabu? Za bei rahisi nyingi ndo hivyo.

HAJI: Multimita, dada yangu. Apige sauti moja ya wimbi la sini, hezi 200, itoke kwenye tundu la kutolea la kadi yenyewe. Apime kwa AC, aipandishe mpaka volti 0.775. Hiyo ni 0 dBu. Airudishe tundu la gita: mita ya programu ikisoma kilele cha desibeli -12, kadi yake ni +12.

ASHA: Kwa nini 200, si 1000?

HAJI: Multimita rahisi zimetengenezwa kwa umeme wa nyumbani. Hezi zikipanda, zinadanganya.

ASHA: Na modeli za mwangwi je, dilei na riverbu?

HAJI: Hizo hazijali sana, sauti inakuwa kubwa au ndogo tu. Mashaka yako kwenye zinazochana. Fuzz Face, pedali nyingine ya kuchana, ndo ngumu khasa, maana inailemea pikapu ya gita yenyewe, ile inayonasa mtetemo wa nyuzi, na hilo kiwango peke yake hakilitibu.

ASHA: Basi kijana wetu wa Pemba, ututumie namba uliyoipata. Na kitufe cha Drive, kile cha kuongeza kuchana, usikiguse kwanza.