Jinsi ya Kuisoma Picha ya Zamani ya Harusi

Karibuni watazamaji. Leo tunaisoma picha ya zamani ya harusi ili tujue maharusi walitaka waonekane vipi, na mbele ya nani. Andaa kioo cha kukuzia, karatasi na kalamu.

Kwanza igeuze. Nyuma ya kadi iliyobandikwa picha mara nyingi pana jina la studio na mji, pengine na mwaka. Nakili yote.

Sasa irudishe mbele, uandike unachokiona tu: nani kaketi, nani kasimama, mikono iko wapi. Usiandike “ana huzuni.” Katika karne ya 19 mtu alitakiwa atulie tuli mbele ya kamera, na kupiga picha lilikuwa jambo la heshima. Uso mkavu hauthibitishi kwamba bibi harusi alilazimishwa.

Hatua inayofuata ni gauni, na hapa twende polepole. Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa akiwa amevaa gauni jeupe mwaka 1840, lakini kwa miaka mingi baada yake wanawake wengi wa Ulaya na Marekani waliolewa wakiwa wamevaa gauni la rangi, lile zuri kuliko yote waliyonayo, wapate kulivaa tena. Gauni jeupe la kuvaliwa siku moja lilitangaza uwezo wa familia. Kwa hiyo ukiona gauni jeusi, usiseme msiba. Huenda hata halikuwa jeusi! Kemikali za picha za wakati ule zilififisha bluu ikaelekea weupe, na nyekundu zikaitia giza.

Halafu tenga yaliyo ya mpiga picha. Pazia lililochorwa bustani, nguzo na kiti cha nakshi vilikuwa mali ya studio. Mume ameketi, mke amesimama? Wengi hukimbilia kusema ubabe, nami naona ni haraka mno, kwa sababu mkao huo pia ulionyesha gauni zima. Tafuta picha nyingine za studio ileile. Wote wakiwa wamepangwa hivyo, ni mtindo wa studio. Wakiwa hawa peke yao, hapo pana la kuuliza.

Kwenye picha ya kundi, angalia aliye karibu na maharusi, aliyesukumwa pembeni, na asiyekuwepo kabisa.

Kila tafsiri iandikie ushahidi wake. Kisha mpelekee picha mzee wa ukoo huo, umwache aseme yote kabla hujamsomea ulichoandika.