Gari la Marehemu Baba Tuliuze Bei Gani?

Assalaam alaykum wapendwa wangu wa Mombasa, na nyote mnaonitazama kutoka Lamu mpaka Vanga. Ni dada yenu wa Coventry. Leo baridi imenikunja, kofia siivui hata ndani ya nyumba, mtanisamehe.

Tangu nionyeshe ile picha ya Peugeot 504 ya marehemu baba, imeegeshwa chini ya mwarobaini kule Tudor, simu yangu haipumui. Kila mtu ana bei yake. Yuko aliyeniambia elfu themanini, tena nishukuru. Yuko aliyesema milioni mbili, nisikubali hata shilingi moja chini ya hapo. Na yuko dalali aliyekwenda mpaka nyumbani, akalizunguka gari, akapiga teke tairi, akamwambia mama laki moja na nusu taslimu, leo leo. Mama akanipigia. Nikamwambia, mama, mkaribishe chai, lakini ufunguo usitoke.

Huyo wa elfu themanini anapiga hesabu ya chuma chakavu kwa kilo. Wa milioni mbili namjua alikotokea. Ameandika "Peugeot 504" kwenye simu, zikamjia picha za Cabriolet, ile ya milango miwili ambayo paa lake linakunjwa nyuma. Hiyo Ulaya ina wenyewe, na wanalipa. Ya baba ni sedan ya milango minne, injini ya petroli ya cc 1971, aliinunua mwaka 1979 akiwa karani bandarini. Zipo pia zile ndefu za abiria saba, ambazo wazee wetu walibanana ndani yake kwenda Nairobi. Zote zinaitwa 504, na kila moja ina soko lake.

Kwa hiyo nilimwomba bin-ami afungue boneti tukiwa kwenye simu ya video. Kuna kibamba cha chuma chenye aina ya gari na namba ya chesisi. Alikifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akanisomea tarakimu moja moja, mimi huku nina picha ya logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, mkononi. Namba ya chesisi ikalingana. Tukatafuta ya injini, ikalingana pia. Hapo nikashusha pumzi, maana 504 nyingi za nyumbani zimeshatiwa injini ya Toyota. Simlaumu mtu, spea za Toyota ziko kila duka. Gari kama hilo litakupeleka Malindi na kukurudisha bila wasiwasi, lakini anayekusanya magari ya zamani akiliona hufunga boneti akasema ahsante. Na kama injini ilibadilishwa bila kuandikishwa, mnunuzi wa aina yoyote atakusumbua, na ana haki.

Sasa kutu. Wapendwa, sisi watu wa kisiwani hapa ndipo pesa zetu zinapoliwa. Upepo wa chumvi hauchagui gari la nani. Rangi ya nje ya gari la baba ukiitazama kwenye picha utasema mashallah. Nikamwambia bin-ami achukue ile sumaku ya kwenye friji ya mama, aifunge kitambaa isikwaruze, aipitishe taratibu kwenye bodi yote. Kwenye paa ikanata. Kwenye boneti ikanata. Kushuka chini ya mlango wa dereva, ikaanguka. Akairudisha, ikaanguka tena. Hapo pana puti, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi, chuma hakipo. Juu ya tairi za nyuma vivyo hivyo, upande mmoja. Halafu akainua kapeti ya miguuni kwa abiria, akabonyeza sakafu kwa bisibisi, na bisibisi ikapita. Nikaona majani ya mwarobaini kupitia sakafu ya gari, kwa macho yangu, nikiwa Coventry.

Lakini akalala chini akamulika na tochi, na pale bodi inaposhika springi za mbele na za nyuma chuma ni kizima. Hilo ndilo la kuombea. Sakafu fundi wa bodi hukata bati akachomelea. Zikioza sehemu zinazobeba uzito, basi hata yule wa elfu themanini mtafuteni.

Ndani ya buti nako kuna mali ambayo dalali hakuitazama: jeki ya asili, spana zake, na daftari la baba. Baba aliandika kila kitu. Tarehe, kilomita, oili ya aina gani, nani alibadilisha. Mita za zamani zile zina tarakimu tano tu, zikifika 99,999 zinaanza upya, kwa hiyo mita peke yake haimwambii mnunuzi kitu. Daftari linamwambia. Nimemwomba mama alitoe garini alilaze kabatini pamoja na logibuku.

Mtu ameniuliza kama kuunganishwa Mombasa kunaongeza thamani, kwa sababu 504 zilikuwa zikiunganishwa pale kwetu kwenye AVA, kiwanda cha kuunganisha magari, mpaka miaka ya mwanzo ya 2000. Mwingine akanikumbusha kwamba 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, na tena 1978. Kweli, na sifa hizo ndizo zinazowafanya watu bado waitafute. Lakini nionavyo mimi, zinapandisha jina la 504 zote, hazipandishi hii moja. Gari la baba mbio zake zilikuwa kuwahi feri ya Likoni.

Kinachotusaidia zaidi ni sheria ya magari ya mtumba. Kenya gari lililopita miaka 8 kwa kawaida haliingii bandarini, kwa hiyo mpenzi wa 504 wa Nairobi hawezi kuagiza ya mwaka 1979 kutoka Ufaransa. Atanunua zilizomo nchini, na zilizomo zinapungua.

Wengi mmesema niilete huku. Nimelitazama hilo. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo Ufaransa na Ujerumani si soko letu, ila Uingereza ni soko. Gari la zaidi ya miaka 30 linalokubaliwa kuwa la kihistoria, lenye hali yake ya asili, linaingia huku bila ushuru wa forodha, unalipa VAT ya asilimia 5 tu. Likipita miaka 40 bila kubadilishwa sana, halilipiwi kodi ya barabara wala halilazimiki ukaguzi wa kila mwaka. Yananoga, eeh? Sasa toa nauli ya kontena kutoka Kilindini, toa gharama za bandari mbili, halafu umweleze Mwingereza kwamba gari limekaa karibu na bahari miaka yote hiyo. Kwa Cabriolet ningefunga safari kesho. Kwa sedan yenye tundu sakafuni, hapana.

Basi hesabu yangu naanza na 504 sedan nzima iliyouzwa kweli, pesa ikapokewa, kisha natoa matengenezo. Tuseme, na msininukuu, nzima imeuzwa laki sita. Bodi na sakafu laki moja na themanini. Breki, radieta, tairi, laki moja na ishirini. Inabaki laki tatu, na mnunuzi atapunguza tena kwa yale asiyoyaona. Bei za matangazo sizifuati, kila mtu huomba apendavyo. Hata minada ya huku, bei inayotangazwa si ile anayoondoka nayo muuzaji, mnada una chake ndani. Mthamini wa bima nitamlipa atupe ripoti ya hali ya gari kwa maandishi, ila wengi wao hesabu yao ni ya uchakavu, na kwa uchakavu gari la mwaka 1979 ni sifuri. Bei nitawauliza wenye magari yao, wale wanaokutana kila mwaka Ngong Racecourse kwenye Concours d'Elegance, maonyesho ya magari yaliyoanza mwaka 1970. Wanajua nani aliuza, na kwa ngapi.

Na jamani, msipige rangi kwanza! Ami yangu ameshasema mara ngapi, tulipulizie rangi ling'are ndipo tuliuze. Ami, kwa heshima yako, rangi mpya juu ya kutu inamtia mnunuzi shaka. Lioshwe, tairi zijazwe upepo, basi. Wala lisipigwe stata na petroli ile iliyolala tangini tangu baba augue.

Uchunguzi huu wote una sababu, na kaka yangu mkubwa akinitazama asinune. Yeye anataka gari libaki kwake, na laki moja na nusu ya dalali imempendeza mno. Kaka, lichukue, una haki kuliko mgeni. Lakini haya ni mirathi. Madeni ya baba yanatoka kwanza, mama ana thumni yake, yaani moja ya nane, halafu sisi watoto, mwanamume sehemu mbili na mwanamke moja. Gari likiandikwa kwa bei ya kutupa, anayepunjwa wa kwanza ni mama. Na NTSA, mamlaka inayosajili magari Kenya, haibadilishi jina kwa maneno ya sebuleni, inataka cheti cha kifo na hati ya mahakama. Kwa hiyo tunakwenda kwa Kadhi tukiwa na ripoti, picha za sakafu, na bei tatu au nne za mauzo ya kweli. Kaka akilitaka kwa bei itakayopatikana, likatwe kwenye fungu lake.

Kwa hivyo wewe uliyeuza 504 sedan, pesa ukaishika mkononi, niandikie faraghani: mwaka wa gari, sakafu ilikuwaje, injini ni ya asili au la, na ulipokea kiasi gani.