Ndege za vita vya pili hurushwa kwa miguu

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo nimewasha kamera kabla sijavua hata glavu, maana nataka niwasimulie mambo haya yakiwa bado ya moto. Tazameni hapa kwenye kidole gumba. Hiyo alama nyeusi ni oili ya injini ya Harvard, ndege ya kufundishia marubani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na nimeshuka kwenye hiyo ndege dakika ishirini zilizopita. Magoti bado yanacheza.

Hapa nilipo ni Duxford, kusini ya Cambridge, Uingereza. Agosti 1938 uwanja huu ndio uliopokea Spitfire, zile ndege za kivita za Uingereza, za kwanza kuingia kikosini, kikosi namba 19 cha jeshi la anga. Siku hizi ni makumbusho, lakini makumbusho yenye uhai. Ukiingia kwenye mahanga, yale mabanda makubwa ya ndege, unakuta mafundi wamelala chini ya matumbo ya ndege, na siku anga likiwa safi zinasukumwa nje, zinawashwa, zinaruka.

Wanaonifuata siku nyingi wanajua nina leseni ya ndege ndogo, zile zenye gurudumu la tatu mbele. Na swali ambalo mmeniuliza sana ni hili: ndege ya kijeshi ya zamani ina tofauti gani na hizo unazorusha? Nilikuwa nawajibu kwa yale niliyosoma. Leo nimeonja mwenyewe, na jibu langu ni moja tu. Miguu.

Subirini nieleze.

Kitu cha kwanza alichoniambia mwalimu wangu, mzee wa miaka zaidi ya sabini mwenye mikono mipana kama ya seremala, ni nitoe kila kitu mifukoni. Simu, funguo, kalamu, sarafu, hata kipande cha karatasi. Nikadhani ni mambo ya usalama ya kawaida. Nilipoingia ndipo nikaelewa. Harvard haina sakafu! Chini ya kiti kuna reli mbili za chuma za kuwekea visigino, na baada ya hapo unaona tumbo lote la ndege mpaka chini, waya na mabomba yamelala wazi. Kalamu ikikuponyoka hutaiona tena, na ikienda kujibana kwenye waya wa usukani, imekuwa hatari kwenu wote wawili. Mzee akanishika buti akaniwekea mguu mahali pake kama unavyomvalisha mtoto kiatu. Akasema: hapo, na usiutoe mpaka tuzime injini.

Kabla ya kuwasha tuliizungusha propela kwa mikono, pigo moja moja, polepole. Injini ya Harvard ni ya duara, silinda 9 zimezunguka kitovu kama miale ya jua. Maana yake ni kwamba silinda za chini zimeinamisha kichwa, na ndege ikikaa bila kuruka, oili inachuruzika na kujikusanya humo. Oili haibanwi kama hewa. Ukiwasha ikiwa imejaa, kitu fulani ndani lazima kipinde. Kwa hiyo unaivuta propela kwa mkono na kusikiliza kama kuna pigo linalokataa. Nilihesabu kila pigo. Hakuna lililokataa.

Sasa kuwasha. Starta nayo ni ya mguu, iko katikati ya pedali mbili za kugeuzia pua ya ndege kushoto na kulia. Unaikanyaga kwa kisigino, na mbele huko gurudumu zito linaanza kuzunguka likipiga mluzi unaopanda, unapanda, unapanda. Mkono mmoja unapampu petroli. Ukisikia mluzi umefika juu, unaikanyaga kwa vidole vya mguu, gurudumu linaishika injini. Propela ikaenda pigo moja, la pili, la tatu, silinda moja ikakohoa, moshi mweupe ukapita pembeni ya uso wangu, kisha zote zikaitikia kwa pamoja na ndege nzima ikatikisika. Nguvu za farasi 600. Kale kandege nilikojifunzia kana 110. Nilihisi ule mtikisiko kwenye meno.

Kuendesha ardhini ni kazi ya peke yake. Mkia umekaa chini, pua iko juu, mbele huoni chochote. Unakwenda nyoka nyoka, kushoto uchungulie upande mmoja, kulia uchungulie mwingine, mpaka ufike mwisho wa njia. Na hapa ndipo miguu inapoanza kudaiwa. Kwenye ndege niliyoizoea uzito umekaa mbele ya magurudumu makubwa, kwa hiyo ikiyumba hujinyoosha yenyewe. Hizi za gurudumu la mkia uzito umekaa nyuma yake. Aliyewahi kurudisha nyuma gari lenye tela atanielewa haraka: kosa dogo halijirekebishi, linakua. Usipoliwahi, mkia unakuja mbele, ndege inazunguka kama pia, na bawa linaweza kugusa ardhi.

Nikasukuma mbele mkono wa nguvu ya injini. Polepole, kama nilivyoelekezwa. Pua ikavuta kushoto, nikakanyaga kulia. Nikakanyaga kidogo. Nyuma yangu sauti kwenye vipokea sauti: “Zaidi.” Nikaongeza. “Sasa punguza. Sasa kidogo. Usisubiri uone, hisi.” Mkia ukainuka, kwa mara ya kwanza nikaiona njia yote mbele, na mara hiyo hiyo pua ikavuta tena, maana propela kubwa inayozunguka ukiinamisha mhimili wake inasukuma pembeni. Hilo nililisoma kwenye kitabu cha shule ya urubani na nililijibu vizuri kwenye mtihani. Leo nimelikuta kwenye goti la kulia.

Huko juu sitawachosha. Mashamba, mawingu madogo, upepo wa ubavu. Nitawaambia jambo moja tu. Mzee aliniambia nipunguze kasi mpaka hewa ishindwe kulibeba bawa, kile marubani tunachokiita stoli. Kwenye ndege yangu ndogo pua inainama kwa adabu, unaisukuma mbele kidogo, mambo yanaendelea. Harvard haikuinama. Bawa la kulia lilianguka tu, kama mlango uliokatika bawaba, na dunia ikahamia upande. Mikono yangu ikataka kukimbilia fimbo ya kuongozea ndege kulirudisha bawa. Mzee akasema neno moja: “Miguu!” Nikakanyaga kushoto, nikasukuma fimbo mbele, likasimama. Tukarudia mara tatu. Ya tatu hakusema kitu, na ukimya ule nimeuthamini kuliko sifa yoyote niliyowahi kupewa angani.

Ndege hii ndiyo iliyokuwa darasa. Kijana wa wakati ule alianza na Tiger Moth, ndege ya mabawa mawili juu na chini, injini ya farasi 130, bila breki, mwalimu akiongea naye kwa mrija wa mpira. Akimaliza hapo anaingia Harvard au mfano wake. Na baada ya hapo, Spitfire. Marubani wanaorusha ndege hizi leo bado wanapanda ngazi hiyo hiyo, kwa sababu hakuna iliyogunduliwa iliyo bora zaidi.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho tangu nishuke hakinitoki kichwani. Mimi nilikuwa na mzee nyuma yangu, mwenye pedali zake na fimbo yake, tayari kunipokonya. Spitfire za vita zilitoka kiwandani na kiti kimoja. Za viti viwili za kufundishia zilikuja baada ya vita. Ireland ilinunua 6 mwaka 1951. Kwa hiyo kijana wa 1940, wa miaka 19 au 20, siku yake ya kwanza ndani ya Spitfire alikuwa peke yake. Mtu anasimama juu ya bawa, anainama kumwonyesha hiki na kile, anampiga bega, anaruka chini. Mlango mdogo unafungwa. Basi. Wapo waliopelekwa kupigana wakiwa na saa kumi hivi tu kwenye ndege hiyo.

Na Spitfire haikupi muda wa kufikiri. Nimezungumza hapa na rubani anayeirusha, nikamuuliza nini kinamtia wasiwasi zaidi. Nilitegemea aseme kutua. Akasema kusubiri ardhini. Injini ya Merlin, lita 27, inapozwa kwa maji, na rejeta zake ziko chini ya mabawa ambako upepo wa propela hauzifikii vizuri. Ukiwa umesimama, sindano ya joto inapanda mbele ya macho yako. Una dakika chache za kufanya ukaguzi wote na kuondoka, la sivyo unazima na kuanza upya. Kisha ukishapaa, mkono wa magurudumu uko kulia, na fimbo umeishika kwa mkono wa kulia. Inabidi uhamishe fimbo mkono wa kushoto, uachie ule wa nguvu ya injini, ndipo uinue magurudumu. Anasema wageni wote wanajulikana kutoka chini: ukiona Spitfire inainama na kuinuka mara tu baada ya kupaa, huyo anabadilisha mikono.

Akanionyesha pedali zake. Zina ngazi mbili, ya chini na ya juu. Ya juu ni ya vita: unapopinda kwa nguvu damu inakimbia kichwani kwenda miguuni na macho yanaanza kuona giza, kwa hiyo unainua miguu ili damu isishuke sana. Niligusa ile ngazi ya juu kwa kiganja. Chuma kimelainika katikati.

Halafu kuna jambo la Griffon. Spitfire za mwisho mwisho zilipewa injini hiyo, lita karibu 37, na propela yake inazunguka kinyume na ya Merlin. Yaani rubani aliyezoea kukanyaga kulia miaka yote, hapa akikanyaga kulia anaongeza tatizo. Kila anapohama ndege moja kwenda nyingine lazima aiambie miguu yake upya, kwa sauti, kabla ya kuondoa breki. Aliniambia yeye huisema kila mara.

Hapo nikawakumbuka wale waliokuwa wakihama ndege kila siku. Kulikuwa na shirika la kiraia la kupeleka ndege kutoka viwandani kwenda vikosini, Air Transport Auxiliary, na ndani yake marubani wanawake 168. Hawakuwa na redio. Walikuwa na kijitabu kidogo chenye kadi za kila aina ya ndege: kasi ya kupaa, kasi ya kutua, hatari yake iko wapi. Unasoma dakika chache, unapanda ndege usiyowahi kuigusa, unaondoka. Mary Ellis alirusha aina 76, na Spitfire peke yake zipatazo 400. Siku moja alifikisha Wellington, ndege nzito ya mabomu, watu wa kituoni wakamuuliza rubani yuko wapi. Akawaambia rubani ni mimi. Wakaingia ndani ya ndege kumtafuta mwanamume. Wanawake hawa walipata mshahara sawa na wanaume mwaka 1943. Mwenzao Joy Lofthouse alirudi kwenye Spitfire mwaka 2015, ya viti viwili, akiwa na miaka 92, akakabidhiwa fimbo huko juu. Baada ya miaka 70 mikono ilikuwa bado inajua.

Sasa niseme jambo zito, kwa sababu wengi mtaandika hapo chini kwamba na nyinyi mnataka. Spitfire ya viti viwili leo abiria anaweza kupanda, lakini kwanza anaelezwa wazi kwamba ndege hii haifikii viwango vya usalama vya ndege za abiria, na anasaini kwamba ameelewa. Isomeni ile karatasi. Agosti 2015 ndege ya zamani aina ya Hunter ilianguka barabarani kule Shoreham wakati wa maonyesho, watu 11 wakafa, nao hawakuwa hata ndani ya ndege. Oktoba 2019, Connecticut, Marekani, B-17, ndege ya mabomu ya vita vile, iliyobeba abiria ilipata hitilafu ikajaribu kurudi uwanjani. Kati ya watu 13 waliokuwamo, 7 walikufa. Mimi nilisaini nikiwa najua hayo. Si kwamba nilisaini kwa sababu siogopi. Nimekagua nani anaitunza ndege, nimemwona fundi, nimeona madaftari yake, na nimeona jinsi mzee alivyoisikiliza propela pigo kwa pigo.

Kutua nilifanya mimi, naye akiwa ameweka mikono yake karibu. Tuligusa, tukaruka kidogo, tukagusa tena, na sekunde zile za kukimbia ardhini ndizo nilizofanya kazi kuliko zote: kulia, kushoto, kulia, kulia, kushoto, kama mtu anayecheza kinanda cha kukanyaga. Tulipozima, chuma kikaanza kulia tik, tik, tik kikipoa. Nikajaribu kusimama nikashindwa. Mzee akashuka wa kwanza, akaja upande wangu, akanishika buti la kulia, akalitoa kwenye reli.

Kamera ilikuwa imefungwa nyuma ya kichwa changu wakati tunawasha. Sitasema kitu tena. Vaeni vipokea sauti, anzeni kusikiliza kwenye ule mluzi.