Mbweha Mwenye Mkasi

Ndugu zangu, nianze na sungura, maana ndiye aliyenidanganya kuliko wagonjwa wangu wote.

Nilipokuwa mwanagenzi wa udaktari wa wanyama, mkubwa wangu alinionyesha namna ya kumkata sungura kucha. Unampindua chali, naye analegea, miguu juu, macho wazi. Mwenye sungura anafurahi: "Ona alivyostarehe!" Nami nilifurahi. Miaka ikapita ndipo nikajua kwamba hivyo ndivyo mnyama wa kuwindwa anavyofanya akishabanwa na adui: anajifisha, pengine ataachiwa. Kumbe muda wote ule, kwa hesabu yake, mimi nilikuwa mbweha mwenye mkasi. (Kicheko.)

Wapo wanaosema tusijisumbue kuwaza anachohisi mnyama, kwa kuwa hatutajua. Mimi nasema tuwaze, ila tuanzie puani mwake, tusianzie mdomoni mwetu.

Haya, shukeni mpaka macho yawe usawa wa goti la mtu, muingie na mbwa kwa daktari. Cha kuona hakimshughulishi sana. Buluu na manjano anazijua, nyekundu na kijani kwake ni ndugu. Lakini mlango haujafunguka vizuri, pua imeshampa habari zote. Huyu amepita asubuhi, yule amekojoa kwa hofu, na dawa ya kupigia deki imehangaika kufuta bila kufaulu. Sisi tunaona sakafu inang'aa. Yeye anasoma daftari la wageni, na karibu kila aliyeandika humo alikuwa anatetemeka.

Paka ana balaa jingine. Sikio letu hukoma kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, lake hupita 60,000. Chumba tunachokiita kimya huenda kwake kinapiga mluzi. Na akikoroma kwa raha mkononi mwako, usiharakishe kushangilia. Paka hukoroma hivyo hivyo akiwa na maumivu.

Mtaniuliza, daktari, hizi si ndoto zako tu? Basi tazameni damu. Paka akiogopa, sukari yake hupanda kiasi kwamba daktari asiye makini anaweza kumwandikia kisukari asichokuwa nacho. Hofu imeingia kwenye cheti cha maabara! Hapo sijawaza kitu, nimesoma namba.

Tunapokosea ni pale tunapomsemea. "Anaona aibu, alikula soksi." Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz aliupima ule uso wa hatia. Mbwa waliufanya walipokaripiwa, hata wale ambao hawakugusa chakula walichokatazwa. Uso ule ulikuwa unajibu sauti ya bwana wao. Kwa hiyo mbwa akiinamisha kichwa kwenye meza yangu, mimi humtazama kwanza aliyemleta.

Na huyo aliyemleta ndiye ninayemhofia zaidi. Mwaka 2022 watafiti wa Belfast walionyesha kwamba mbwa anaweza kutofautisha jasho na pumzi za mtu aliyetulia na za mtu yuleyule akiwa na msongo. Sasa mwoneni amesimama pembeni ya meza: mkono unambembeleza mbwa, mdomo unasema "hamna kitu, mwanangu," na kwapa linasema mengine kabisa. Mbwa amsikilize nani?

Naam, yule mama kule nyuma, nimeuona mkono wako. Uliza.