Elektroni Inavukaje Protini?

Walimu wenzangu, na ninyi vijana mliokuja na madaftari, habari za jioni.

Leo nina protini moja tu, azurini. Ni ya bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa: mnyororo wa amino asidi 128 uliojikunja, na ndani umeficha atomu moja ya shaba. Majini rangi yake ni buluu. Kazi yake kwa bakteria ni kubeba elektroni, moja moja.

Watafiti huitandaza juu ya dhahabu, kama hii ya jirani zetu wa Geita, tabaka moja lenye unene wa nanomita chache. Azurini ina salfa, na salfa ikikutana na dhahabu hung'ang'ania. Juu huwekwa metali ya pili, kisha mkondo wa umeme unapimwa. Hicho ndicho kiungio.

Darasani tunafundisha kwamba protini ni kihami, yaani haipitishi umeme, maana nywele na kucha ni protini. Lakini mkondo unapita, tena mwingi kuliko ule wa mnyororo wa kaboni wenye urefu uleule, wa aina ya nta.

Kwa njia gani? Watoto wetu hapa Mwanza huvuka maji kwa kuruka jiwe hadi jiwe. Elektroni nayo yaweza kuruka hivyo ikitua njiani, ila kila mruko unadai joto. Njia ya pili ni kupenya moja kwa moja kama wimbi, bila kutua. Hiyo haijali joto.

Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, waliipoza azurini hadi karibu nyuzi 190 chini ya sifuri. Mkondo haukubadilika, au ulibadilika kidogo mno. Wakaitoa ile shaba. Mkondo ukaanza kutegemea joto! Atomu moja, jamani, na mwendo wote umegeuka.

Basi ni kupenya? Hapo ndipo ninapokwama, na nawaomba vijana mkwame nami. Ndani ya protini, uwezo wa kupenya hupungua takriban mara 10 kwa kila nanomita 0.2. Azurini ina zaidi ya nanomita 3: ni mbali mno kwa mpenyo mmoja. Mimi naanza kuutazama mshiko wenyewe wa salfa na dhahabu, kwa kuwa elektroni huingilia pale, na kiungio kikishikwa vibaya tutakuwa tunapima mlango tukidhani tunapima nyumba.

Wa kwanza kuuliza ni nani? Wewe binti wa nyuma, karibu.