Wayahudi wa Mbale na Akidi ya Watu Kumi

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunaelekea mashariki mwa Uganda, kwenye vilima vya Mbale, wanakoishi Wayahudi wanaojiita Abayudaya. Kaka Emmanuel, jamii ndogo ya wakulima, iliyo mbali na Wayahudi wenzao, imewezaje kushikamana kwa zaidi ya miaka 100?

EMMANUEL: Dada Zuhura, mwanzoni walimtegemea mtu mmoja, na kwa maoni yangu huo ndio uliokuwa udhaifu wao. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza kisha akafarakana nao, aliamua kulifuata Agano la Kale neno kwa neno, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Baadaye mgeni Myahudi alikaa nao kwa miezi kadhaa, akawafundisha kalenda na miiko ya vyakula. Kakungulu alipofariki mwaka 1928, imani ilibaki lakini wafuasi wakaanza kutawanyika.

ZUHURA: Ni nini basi kilichowazuia wasitoweke kabisa?

EMMANUEL: Ibada yenyewe. Baadhi ya sala za Kiyahudi, pamoja na usomaji wa Torati mbele ya watu, hazifanyiki mpaka itimie akidi ya watu wazima kumi. Katika kijiji chenye familia chache, asiyefika huonekana mara moja, na wenzake huanza kuulizana kama anaumwa au amefiwa. Tena siku ya Sabato gari na pikipiki hazipandwi, kwa hiyo sinagogi sharti liwe mahali panapofikika kwa miguu. Ndiyo maana, mbali na Nabugoye ambako ndiko kitovu chao, utakuta masinagogi Namanyonyi, Nasenyi, Putti na Namutumba.

ZUHURA: Kumbe Idi Amin alipoipiga marufuku dini hiyo, alikuwa amewapiga penyewe hasa! Watu wasioruhusiwa kukutana wataitimiza vipi akidi? Wengi waliingia Ukristo au Uislamu, na waliobaki wakawa wanasali kwa siri.

EMMANUEL: Na tazama tarehe ya kuanguka kwa Amin. Kampala ilitwaliwa na jeshi la Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, jioni ile ile ambayo Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kutoka utumwani, ilikuwa inaanza. Miaka ya 1980 vijana walikusanyika Nabugoye, wakaishi pamoja, wakajifunza Kiebrania na kuziimba Zaburi kwa Kiluganda kwa lahani walizozitunga wenyewe. Miongoni mwao alikuwamo Gershom Sizomu, ambaye mwaka 2008 alitawazwa kuwa rabi, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi, huko Los Angeles, Marekani, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge.

ZUHURA: Hapo kwenye Marekani nina shaka kidogo. Marabi walikuja mwaka 2002 kuwaingiza rasmi katika Uyahudi ili watambuliwe na Wayahudi wa nje, misaada ikafuata, na mahali penye misaada hapakosi utegemezi wala minong'ono.

EMMANUEL: Shaka yako ina msingi. Marabi wale walikuwa wa mkondo wa Kihafidhina, ilhali Abayudaya wa Putti walichagua njia ya Kiorthodoksi, mkondo wa Kiyahudi ulio mkali zaidi na usioukubali uongofu wa Kihafidhina, kwa hiyo utambuzi uliotoka ng'ambo uliwapa heshima na papo hapo ukawaletea swali jipya la nani anasali na nani. Mimi navutiwa zaidi na uhusiano wao na majirani. J.J. Keki, mkulima na mwanamuziki wa jamii hiyo, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, siku ya mashambulizi ya kigaidi. Aliporudi nyumbani alipita nyumba kwa nyumba akiwashawishi Waislamu na Wakristo waungane na Wayahudi, na mwaka 2004 wakaanzisha ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera.

ZUHURA: Ushirika wenye Ijumaa ya hawa, Jumamosi ya wale na Jumapili ya wengine! Nadhani kupanga siku ya mkutano pekee kunataka subira.

EMMANUEL: Kunataka subira, naam, lakini pia kunamlazimu kila mwanachama aijue kalenda ya mwenzake, na pasipo kulijua hilo huwezi hata kumwalika jirani kwenye arusi. Bei ya kahawa nayo iliwapa sababu ya kuvumiliana: waliiuza pamoja kwa mnunuzi wa California, wakapata zaidi ya alichokuwa akiwapa mchuuzi wa kijijini.